Mashine Isiyojua Ilipo

Mlango wa mabawa mawili haumtunzii fundi siri. Ua linaloanzia bawa la kushoto na kuishia bawa la kulia lazima likutane katikati, jani kwa jani, na jicho la mgeni anayebisha hodi hutua papo hapo kwenye mstari wa makutano. Nusu moja ikipanda kuliko nyingine kwa milimita moja tu, hata mtu asiyewahi kushika randa atahisi kuna kitu hakikukaa sawa. Mchonga nakshi wa Zanzibar au Lamu, mwenye patasi na nyundo yake ya mti, ana kinga dhidi ya aibu hiyo: jicho lake linatembea pamoja na mkono. Mstari ukianza kupotoka anauona, na anaurudisha kabla haujafika mbali.

Katika karakana nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ua lile sasa linachongwa na mashine ya CNC: meza ndefu ya chuma, daraja linalokwenda mbele na nyuma juu ya reli mbili, na spindo iliyoning'inia darajani ikizungusha biti hadi mara 24,000 kwa dakika. Kazi ambayo ingemshika mchongaji kwa siku kadhaa inaweza kukamilika kabla ya adhuhuri. Mimi ni miongoni mwa wanaoifurahia mashine hii, na sioni kwamba inaidhalilisha kazi ya mikono. Lakini nimekuja kuamini jambo moja ambalo halisemwi wakati wa kuuziana, na ambalo vijana wetu wanapaswa kulijua siku ya kwanza wanapoikaribia: nyingi ya mashine hizi hazijui zilipo. Zinatii, lakini hazioni. Na kwa kuwa hazioni, lazima awepo mtu karakanani atakayekuwa jicho lao. Asipokuwepo, usahihi ulioandikwa kwenye karatasi ya mauzo hubaki kwenye karatasi.

Chimbuko la mashine hizi linatusaidia kuelewa upofu huo. Katika miaka ya 1940, John T. Parsons wa mji wa Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Mkunjo wa panga ni umbo gumu, na Parsons aliamua kuukokotoa kwa mashine za kadi zenye matundu, apate nukta nyingi za kufuatwa wakati wa kukata. Jeshi la Anga la Marekani likaligharimia wazo hilo, na mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT wakaonyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Maabara yao ilikuwa mahiri katika mifumo inayojirekebisha: mota inapewa amri, kifaa kingine kinapima ilipofika na kurudisha habari, na tofauti ikionekana, amri mpya inatolewa. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake, wazo la kuongoza mashine kwa tarakimu lilikuwa na nusu mbili: kuamuru na kuuliza.

Mashine ndogo na za kati zilizoenea katika karakana zetu, nyingi zikiwa zimeundwa China, kwa kawaida zimebaki na nusu ya kwanza tu ili bei iwe ya kufikika. Zinatumia mota za hatua. Mota ya aina hii kwa kawaida huugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, kila hatua ikiwa nyuzi 1.8. Kidhibiti kinatuma mapigo ya umeme, kinahesabu mapigo kilichoyatuma, kisha kinatangaza kwenye skrini kwamba biti iko milimita 812.40 kutoka sifuri. Hakijapima chochote. Kimehesabu maneno yake mwenyewe. Kati ya pigo la umeme na ncha ya biti kuna mota, kapilingi, giaboksi, pinioni, reki ya meno, gololi zinazotembea kwenye reli, daraja lenyewe na beringi za spindo. Chochote kati ya hivyo kikilegea, skrini haitabadilika. Mbao ndiyo itakayobadilika.

Hapo ndipo ufundi unapoanzia. Mbao ni shahidi pekee aliyekuwepo wakati biti inapita, na ushahidi wake hausemwi kwa fumbo. Kila kosa la mashine lina namna yake ya kujiandika, na anayejua kusoma maandishi hayo hahitaji kubahatisha.

Mtihani mzuri kuliko yote ni duara. Mashine ipewe kipande cha ubao wa MDF, biti kali, na amri ya kuchonga duara la kipenyo cha milimita 300 kwa kina kidogo. Duara linafaa kwa sababu linailazimisha mihimili miwili, X na Y, kushirikiana katika kila nukta, na kila mhimili kugeuza mwelekeo mara mbili. Kisha lipimwe mara nne: kwa wima, kwa mlalo, na kwa mishazari yake miwili. Kipenyo cha wima kikitofautiana na cha mlalo ilhali mishazari inalingana, kosa ni la hesabu: mhimili mmoja umeambiwa kwamba milimita moja ni mapigo mengi au machache kuliko ilivyo kweli. Wima na mlalo vikilingana lakini mshazari mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake, daraja halijakaa kwa pembe mraba juu ya reli zake. Vipimo vikikaribiana lakini kwenye ncha nne za duara, juu, chini, kushoto na kulia, kukawa na sehemu bapa au vijingazi, basi mhimili unacheza pale unapogeuka: mota imekwisha kurudi nyuma, daraja bado. Ni kama usukani wa daladala kongwe, unaozungushwa kidogo kabla tairi halijapata habari. Na mwanzo wa duara usipokutana na mwisho wake, kuna hatua zilizopotea njiani au kuna kitu kinateleza.

Ushahidi wa pili ni mawimbi. Chonga mstari mrefu ulionyooka, simamisha ubao karibu na dirisha, uache mwanga uupitie ukingo wa mkato kwa ubavu. Kama kuna mawimbi, pima umbali wa mawimbi kumi na ugawe kwa kumi. Umbali huo unataja jina la mkosaji. Kwenye reki ya meno yaliyonyooka yenye moduli 1.25, jino hadi jino ni moduli mara pai, yaani milimita 3.9 hivi. Mawimbi ya umbali huo ni sauti ya meno yanayoingia na kutoka vibaya. Pinioni ya meno 20 inayotembea juu ya reki hiyo ina mzingo wa milimita 78.5. Wimbi refu la umbali huo linasema pinioni haikukaa katikati ya shafti yake, au shafti imepinda. Mhimili unaoendeshwa na skrubu ya gololi yenye hatua ya milimita 5 utaandika wimbi la milimita 5 iwapo skrubu imepinda au imefungwa vibaya. Kuna jaribio moja zaidi: badilisha kasi ya kusogea, uchonge mstari wa pili kando ya wa kwanza. Umbali ukibaki vilevile, tafuta kwenye meno na skrubu. Ukibadilika pamoja na kasi, tafuta mtikisiko: biti butu, ubao usiobanwa vizuri, spindo iliyochoka, daraja linalotetemeka.

Ushahidi wa tatu ni kuruka. Mota ya hatua ikizidiwa nguvu haipotezi hatua mojamoja. Hupoteza kwa mafungu ya hatua nne nzima, yaani nyuzi 7.2, kwa sababu hapo ndipo sumaku zake zinapopata tena mahali pa kushika. Pinioni ile ya mzingo wa milimita 78.5 ikiwa nyuma ya giaboksi ya moja kwa tano, fungu moja ni milimita 0.31. Kwa hiyo mchoro ukihama ghafla kwa kiasi cha 0.3 au 0.6, kisha ukaendelea vizuri kutoka mahali papya, mota ilizidiwa: kasi ilikuwa kubwa mno, au reli ni kavu, au umeme ulidhoofika. Mchoro ukihama kidogokidogo bila kipimo maalumu, angalia kapilingi na skrubu ndogo zinazoishikilia pinioni kwenye shafti. Piga mstari mmoja wa kalamu ya rangi ukipita juu ya kapilingi na shafti kwa pamoja. Baada ya kazi ya asubuhi, mstari ukikutwa umekatika vipande viwili visivyoelekeana, kesi imekwisha.

Nauthamini utaratibu huu kwa sababu unamzuia mtu kushika spana kabla ya kufikiri. Desturi iliyozoeleka, kazi inapoharibika, ni kukaza kila boliti inayofikika, kupaka grisi kila mahali, kubadilisha biti, kupunguza kasi, kisha kuwasha tena na kuomba heri. Wakati mwingine kasoro inatoweka. Lakini aliyebadilisha mambo matano kwa mpigo hajui lipi lilikuwa dawa, na kasoro ikirudi, naye anarudi mwanzo kabisa. Anayebadilisha jambo moja, akapima, akaandika, ndipo akaenda la pili, anaweza kuonekana mzito kwa saa moja. Kwa mwaka mzima ndiye mwepesi.

Ulegevu wenyewe hutafutwa kwa mkono. Spindo ikiwa imezimwa kabisa na mota za mihimili zikiwa zimewashwa ili zishike, egemeza geji ya mshale kwenye daraja, kisha lisukume kwa nguvu ya wastani na uliachie. Mshale ukienda na kurudi ulipokuwa, chuma kimenyumbulika, na chuma chochote hunyumbulika. Ukienda na kubaki huko, kuna uwazi mahali fulani. Mwenzako aendelee kusukuma na kuvuta taratibu huku wewe ukiweka kidole juu ya kila kiungo, nusu ya ncha ya kidole upande huu na nusu upande wa pili: kapilingi na shafti, nyumba ya beringi na reli, nati ya skrubu na fremu yake. Ngozi ya kidole husikia mpishano ambao jicho haliwezi kuuona. Pinioni na reki zinahitaji uangalifu zaidi, maana hapo vidole hubanwa. Hapo tumia jicho na tochi.

Mara nyingi safari hiyo huishia kwenye meno. Tuyafikirie kidogo, kwa kuwa yana haki ya kufikiriwa. Daraja likitembea milimita 2,500 kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine, kila jino la pinioni ya meno 20 linauma reki takriban mara 32, ilhali kila jino la reki linaumwa mara moja. Ndiyo maana pinioni huchakaa kwanza. Nayo ni ya bei ndogo kuliko reki, kwa hiyo hakuna hekima ya kuibana ifanye kazi hadi meno yake yachongoke, kwani pinioni iliyochongoka huila reki.

Reki nayo huchakaa kwa namna inayosimulia maisha ya karakana. Kazi nyingi ni ndogo: kibao cha jina, mgongo wa kiti, uso wa droo. Fundi huweka ubao kwenye kona iliyo karibu naye na kuanzia sifuri ileile kila siku. Miaka ikipita, theluthi ya kwanza ya reki imefanya kazi ya mashine nzima, na sehemu ya mwisho bado ni mpya. Sasa mtu anayeikaza pinioni pale penye ulegevu mkubwa atapata raha hapo, lakini daraja likifika upande wa mbali meno yatabana, mota itazidiwa, na hatua zitapotea. Kanuni ni kinyume cha kile mkono unachotaka kufanya: pinioni irekebishwe pale ambapo reki haijachakaa, na ulegevu utakaobaki kwingine uhesabiwe kuwa deni la kubadilisha chuma. Reki nyingi hufungwa kwa vipande, na vipande vya urefu mmoja vinaweza kubadilishana nafasi, kilichochoka kikapelekwa mwisho wa meza na kilichopumzika kikaletwa mbele. Wakati wa kufunga, kipande cha tatu cha reki kigeuzwe na meno yake yaingizwe juu ya maungio, ili umbali wa jino hadi jino usivunjike pale vipande viwili vinapokutana. Lakini bora kuliko yote ni kuzuia: sifuri ihamishwe mara kwa mara, na kazi ndogo zigawiwe meza nzima.

Wapo watakaosema kompyuta inaweza kulimaliza jambo hili. Ni kweli kwamba programu za kuendesha mashine, Mach3 ikiwa mojawapo, zina mahali pa kuandika ukubwa wa uwazi, ili hatua za ziada ziongezwe kila mhimili unapogeuka. Msaada huo una mipaka miwili. Kwanza, unadhani uwazi ni mmoja meza nzima, na tumeona kwamba reki haichakai hivyo. Tarakimu iliyo sahihi kwenye kona ya karibu itakuwa uongo kwenye kona ya mbali. Pili, unafanya kazi wakati wa kugeuka tu, ilhali biti inapokata, mbao huisukuma muda wote, na daraja lenye uwazi laweza kusukumwa ndani ya uwazi huo katikati ya mstari ulionyooka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarakimu iandikwe baada ya chuma kutengenezwa, kwa ajili ya mabaki madogo ambayo chuma kimeshindwa kuyaondoa.

Pwani yetu ina maadui zake. Hewa yenye chumvi huitia reli kutu usiku mmoja ikiachwa bila mafuta. Wakati wa masika, ubao wa MDF unaolala juu ya meza hufyonza unyevu na kuvimba, na usawa uliopimwa juma lililopita unakuwa hadithi. Tena vumbi la MDF, lililochanganyika na gundi yake, likikutana na grisi nyingi huwa uji wa kusagia unaotembezwa na daraja lenyewe kwenye kila jino. Grisi iingie kwenye nyumba za beringi kupitia chuchu zake. Reki isafishwe kwa brashi na ipakwe mafuta mepesi, kiasi tu. Anayemimina grisi kwenye reki isiyo na kifuniko akidhani anaitendea wema, anaipa sumu.

Viungo vikiwa vimetulia, ndipo pembe mraba ipimwe. Mashine itoboe matundu manne kwenye pembe za mstatili wa milimita 1,200 kwa 2,400. Mishazari yake miwili inapaswa kuwa milimita 2,683 kila mmoja, lakini uzuri wa jaribio hili ni kwamba tarakimu hiyo haihitajiki. Hata tepu ikiwa imevutika kupita kiasi au ndoano yake imelegea, itadanganya sawasawa kwenye mishazari yote miwili, na tofauti kati yao itabaki kweli. Upande mmoja wa daraja ukiwa umetangulia kwa milimita 1, mishazari itatofautiana kwa karibu milimita 1.8. Kosa limekuzwa, na limepimwa kwa kifaa ambacho chenyewe hakikuaminika.

Hapa pana fikra kubwa kuliko karakana. Mwingereza Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa Henry Maudslay jijini London, alieleza mwaka 1840 jinsi ya kupata bamba la chuma lililo bapa kweli bila kuwa na bamba jingine la kuliiga. Yatengenezwe matatu kwa pamoja. Mawili yakilingana, huenda moja limevimba na jingine limebonyea, yakakubaliana katika uongo. Lakini yakilinganishwa matatu, kila moja na kila jingine, huku yakigeuzwageuzwa na vilele vikiparuzwa, uongo unakosa pa kujificha: umbo pekee linaloweza kukubaliana na wenzake pande zote ni ubapa wenyewe. Kwa hiyo usahihi wa viwanda haukuhitaji kushushwa kutoka kwa bwana mkubwa mwenye kipimo kitakatifu. Ulizaliwa kwenye karakana, kwa vitu visivyo kamili vilivyowekwa kupimana kwa uaminifu. Seremala anayeigeuza skwea yake juu ya ubao, akachora mstari wa pili kwenye nukta ileile na kuangalia kama mistari inaachana, anatumia hekima ya jamii hiyohiyo. Pengo analoliona ni maradufu ya kosa la skwea. Hakuna karakana iliyo maskini kiasi cha kushindwa kuujua ukweli wa namna hii.

Sasa tunaweza kulielewa ua lisilokutana. Mbao mbili zimekatwa vizuri, pembe zake ni sawa, lakini daraja limepinda. Mashine inaegemea upande uleule inapochonga bawa la kushoto na inapochonga la kulia. Matokeo yake, kwenye bawa la kushoto mchoro unapanda kadiri unavyokaribia mstari wa makutano, na kwenye bawa la kulia unaanzia chini. Kila bawa peke yake linapendeza. Yakisimamishwa pamoja, yanashtakiana. Mashine nyingi zina mota mbili za kuendesha daraja, moja kila upande. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au mtu akilisukuma daraja kwa upande mmoja wakati mashine imezimwa, pande hizo zinaweza kuachana. Umeme ukirudi, mota zitashika palepale zilipokutwa, na mashine itaendelea kuchonga kwa utiifu kamili huku ikiwa imepinda. Tiba ni vizuizi viwili vya chuma mwishoni mwa reli, au vitambuzi viwili vya kuanzia, kimoja kila upande, vikirekebishwa hadi mishazari ilingane. Kisha iwe sheria ya karakana kwamba kila umeme unapokatika, daraja linarudishwa kwenye vizuizi hivyo kabla ya kazi kuendelea.

Mpangilio wa matengenezo nao una haki yake. Fremu na meza kwanza, kisha reli, kisha meno na skrubu, kisha pembe mraba, kisha usimamaji wa spindo, kisha hesabu ya mapigo kwa milimita, na marekebisho ya kompyuta mwisho kabisa. Spindo iliyosimamishwa wima juu ya reli zilizopinda haiko wima. Imepinda pamoja nazo. Usimamaji huo hupimwa kwa mkono wa chuma uliofungwa kwenye spindo, ukibeba geji ya mshale na kuzungushwa polepole juu ya kipande cha kioo kilicholazwa mezani. Kama hakuna geji, biti pana ya kusawazisha itasema: ikiacha ngazi ndogo kati ya mapito, na ukucha ukazihisi, spindo imeegemea.

Yote haya yanaweza kuonekana mambo ya spana na grisi, lakini mimi nayaona kuwa mambo ya wajibu. Tumezoea kuisifu kompyuta kwa usahihi na kuulaumu mkono kwa makosa, na sifa hiyo imewafanya vijana wengi hodari waamini kwamba kazi yao ni kuchora kwenye skrini na kubonyeza kitufe. Wakiambiwa mchoro umeharibika, wanautazama tena mchoro, ambao hauna kosa. Kosa liko mita mbili kutoka walipokaa, kwenye jino lililochongoka, na hakuna aliyewafundisha kwenda kulitazama. Wabunifu wa 1952 walijua kwamba amri bila swali haitoshi. Sisi tuliponunua mashine za bei nafuu tulinunua amri peke yake. Swali tuliachiwa sisi, na lazima kuwe na mtu wa kuliuliza kila siku.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye karakana. Wekeni daftari la mashine, liandikwe tarehe, kilichopimwa, kilichobadilishwa na aliyebadilisha. Msimkate kijana mshahara kwa ubao ulioharibika kabla hamjasoma ubao huo unasema nini. Hesabuni pinioni kuwa gharama ya kawaida kama biti, msingoje iharibu reki. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, wa VETA na wengine, ombi langu ni kwamba kalipa, skwea na geji ya mshale zitangulie kuingia mikononi mwa mwanafunzi kabla ya programu ya kuchorea. Anayejua kupima atajifunza programu yoyote itakayokuja, maana programu zitabadilika, na pembe mraba haitabadilika.

Na kwako wewe fundi kijana, unayesimama kando ya mashine hiyo kila asubuhi: Jumatatu ijayo, kabla ya kazi ya kwanza ya mteja, chonga duara moja kwenye kipande cha MDF. Lipime mara nne, andika vipimo na tarehe juu yake kwa kalamu, ulitundike ukutani. Mwezi ujao chonga jingine, ulitundike kando yake. Baada ya mwaka utakuwa na ushahidi ambao hakuna skrini iliyowahi kukupa, na karakana itakuwa na mtu anayejua mashine yake iko wapi.